Manifoldi ya Mwalimu na Jino la Pengo

Asubuhi ile duka la zana lilijaa mpaka mlangoni. Wachomeleaji, maseremala, mafundi bomba, kila mmoja anapaza sauti kutaja anachotaka, na nyuma ya kaunta muuzaji ni mmoja tu, anapanda na kushuka ngazi kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Pengo alidhani amewahi. Kumbe wenzake walishamwahi zamani.

Mbele yake alisimama msichana aliyevaa koti jeupe la kazini, na chini ya koti gauni la njano lenye maua madogo. Mkono wa koti ulikuwa na doa la rangi ya waridi, na kwenye nyusi zake kulikuwa na unga mweupe.

Mwoka mikate huyu, Pengo akawaza. Sasa mwoka mikate kafuata nini huku?

Msichana akafika kaunta. "Nipe biti ya kusagia chuma, ile ya kichwa cha yai. Na msasa wa kuzungusha, namba themanini na namba mia mbili."

Pengo akashtuka. Alikuwa ametajiwa orodha yake mwenyewe, neno kwa neno.

"Biti ya yai imebaki moja," muuzaji akasema.

"Nipe," wakasema wote wawili kwa pamoja.

Msichana akageuka. Alikuwa na macho makubwa yasiyo na haraka, na kucha zilizokatwa fupi kama za fundi saa.

"Dada, samahani," Pengo akasema, "hiyo mimi naihitaji kwa kazi."

"Na mimi naihitaji kwa nini, kaka? Niitundike sikioni?"

Foleni nzima ikacheka. Pengo naye akacheka, na kama kawaida yake akaziba mdomo kwa kiganja. Alichelewa kidogo.

"Jino lako la mbele limevunjwa na nani?" msichana akauliza, kama mtu anayeuliza saa ngapi.

"Hee! Salamu hiyo?"

"Toa mkono nione. Limekatika mshazari. Mzizi bado mzima."

"Spana iliteleza. Wewe ni daktari?"

"Daktari ni shangazi yangu. Mimi nipo chumba cha nyuma, natengeneza meno ya bandia. Kwa nini hujaliziba?"

"Nimejiwekea ahadi. Hili jino nitaliweka siku ninayooa, si kabla. Mama yangu anasema kwa hiyo sitaoa, maana nani atalikubali pengo hili. Hapo ndipo tumekwama."

Msichana akatabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Na wewe unasaga nini na biti ya yai?"

"Manifoldi."

"Ndiyo mnyama gani huyo?"

Asikudanganye mtu: fundi akiulizwa kazi yake na msichana mzuri, hata foleni ya watu thelathini haioni. Pengo akaeleza kwa mikono miwili. Manifoldi ni kipande cha alumini chenye mikono minne. Hewa na petroli zinatoka kwenye kabureta, zinapita humo ndani, zinaingia kwenye injini. Hii aliyonayo haikutoka kiwanda cha gari, imetengenezwa na watu wengine na kuuzwa dukani, kwa hiyo ndani imejaa makovu ya kalibu na midomo yake hailingani na midomo ya injini. Unaipanua, unaisawazisha, injini inapumua.

"Kumbe tunafanya kazi moja," msichana akasema. "Mimi pia napanua midomo ya watu."

"Jamani, nyie mnaoana hapo mbele?" sauti ikapazwa nyuma. "Sisi tunataka misumari!"

Msichana akalipa, akaitia biti mfukoni mwa koti. "Alhamisi nitakuwa nimemaliza nayo. Njoo uichukue."

"Basi nipe namba yako, nijue biti yangu inaendeleaje."

"Biti yako?"

"Niliiona kwanza."

"Uliniona mimi kwanza," akasema. "Biti hukuiona kabisa." Akampa namba.

Sasa, huyu Pengo alikuwa nani? Fundi wa injini wa miaka ishirini na sita, mikono ya dhahabu na mdomo wa kambare. Miezi miwili kabla alikuwa ameajiriwa kwenye gereji kubwa, mpaka siku bosi alipomwambia mteja kwamba amebadilishiwa pampu mpya. Pengo akadakia palepale, mbele ya mteja: "Bosi, hiyo pampu ni ileile, umeifuta tu kwa petroli." Bosi akamwambia atoke. Akatoka. Bosi akamfuata mpaka getini: "Utarudi hapa umeinamisha kichwa!" Pengo akamjibu kwamba kichwa chake kina shingo ngumu.

Tangu hapo alifanyia kazi nyumbani kwa mama yake, ghorofa ya pili, kwenye balkoni ya jikoni. Alifunga vaisi ya kubania vyuma kwenye meza ya zamani ya kulia chakula, akatundika shuka lenye maji mlangoni ili vumbi lisiingie ndani. Lilikuwa linaingia. Mama yake alishona mapazia sebuleni, mapazia meupe ya maofisini, na kila siku ilikuwa kelele moja.

"Baba, hili pazia nimelikabidhi jeupe, limerudi la kijivu!"

"Mama, hiyo ni alumini. Inang'aa. Mwongezee bei."

"Nitakuongezea wewe kofi."

Na manifoldi yenyewe ilikuwa ya nani? Ya Mwalimu. Mwalimu alikuwa mama wa miaka hamsini, miwani yenye kamba shingoni, anayefundisha watu udereva. Jumatatu hadi Jumamosi utamsikia: "Taratibu, tazama kioo, washa ishara, ondoka." Jumapili anachukua gari lake dogo jeupe, analipeleka kwenye uwanja wa ndege wa zamani usiotumika tena, na kule yeye na wenzake watano wanakimbizana mpaka matairi yananuka. Alimletea Pengo manifoldi ndani ya boksi, akamwambia maneno machache.

"Kijana, nimekupa kazi moja. Jumapili ya mwisho wa mwezi naifunga na kukimbia nayo. Gari likiimba, wenzangu wote watano wataleta yao kwako. Likikohoa, narudi kwa bosi wako wa zamani, na wao watanifuata. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, Mwalimu."

Alielewa vizuri sana. Gari lile likikohoa, atarudi getini ameinamisha kichwa.

Alhamisi akaenda kuchukua biti. Chumba cha nyuma cha kliniki kilikuwa kidogo na kisafi, kinanuka nta na plasta. Rafuni walipangwa watu wasio na nyuso: meno ya plasta, seti baada ya seti, kila moja na karatasi ya jina. Fundi Meno, ndivyo alivyokwisha kumwita, alikuwa anasaga taji la jino dogo kuliko punje ya mahindi.

"Hili duara jekundu ni la nini?" Pengo akauliza. Taji lilikuwa na alama ya penseli nyekundu pembeni.

"Hapo pamekonda. Napima unene kwa hiki." Akamwonyesha kikoleo kidogo chenye saa ya kipimo. "Nikikuta pembamba, nachora duara. Maana yake usiguse tena, utatoboa."

"Na usipochora?"

"Unatoboa, unalia, unaanza upya." Akachota udongo laini wa rangi ya waridi, akauweka kwenye kibao. "Fungua mdomo. Uma hapa."

"Kwa nini?"

"Nataka tu kuona meno ya mtu mwenye mdomo mkubwa. Uma!"

Akauma. Wiki iliyofuata meno yake ya plasta, na pengo lake, yalikuwa rafuni katikati ya meno ya wazee, yanamtazama kila alipoingia. Maana alikuwa anaingia sana. Biti ile ya yai ilirudi na kwenda, ikarudi na kwenda, mpaka shangazi mtu akauliza kwani hiyo biti ina tiketi ya basi ya mwezi mzima.

Na simu ndiyo usiseme.

"Halo, Fundi Meno."

"Sema, Pengo. Umekula?"

"Nimekula vumbi. Wewe?"

"Nimekula plasta. Leo nimemaliza chini na juu ya mzee mmoja, anataka meno ya kuvunjia mifupa. Nimemwambia mzee wangu, meno ninayo, taya huna."

"Ukizeeka nitakutafunia mimi."

"Na hilo pengo? Utanipitishia maji tu." Akacheka, kicheko kile cha chini kinachoanza kooni. Pengo alikuwa ameshajua kwamba kwa kicheko kile angeweza kuahidi mwezi. "Manifoldi imefika wapi?"

"Midomo mitatu tayari. Nimepaka wino, nimeweka gasketi, ile karatasi ngumu ya kuzibia maungio, nikachora mstari kwa sindano, nikasaga mpaka mstarini. Bado mmoja. Halafu nasugua ndani."

"Itakuwa laini?"

"Laini? Roho yangu, nikimaliza itakuwa kama kioo! Utachungulia humo ndani ujione uso wako, na macho yako, na hiyo nyusi yenye plasta."

"Kweli?"

"Haki ya nani."

Uongo mtupu. Mdomo uliponza kichwa, na hapa ndipo ulipoanza kukiponza cha Pengo. Kila fundi wa injini za kabureta anajua: ndani ya manifoldi unaondoa makovu, unasawazisha mabonde, kisha unaacha ngozi yenye mikwaruzo midogo ya msasa. Ukiisugua ikawa kioo, petroli inatelezea ukutani kama mvua kwenye dirisha, haichanganyiki na hewa, na injini inakohoa. Pengo alijua hivyo kama anavyojua jina la mama yake. Lakini msichana alikuwa amecheka, na yeye akataka acheke tena.

Ijumaa, siku mbili kabla ya mbio, Pengo aliondoka asubuhi kwenda kwa Mwalimu kufungua manifoldi ya zamani na kusafisha uso wa injini. Alirudi saa kumi jioni, ovaroli limechafuka mpaka kwenye kola, gasketi mpya kwapani. Mama yake alikuwa kwenye cherehani, anatabasamu kama mtu aliyeficha mgeni.

Na kweli alikuwa amemficha. Kule balkoni alisimama Fundi Meno, gauni lile la njano limefunikwa na aproni ya mama mtu, kitambaa kichwani, mashavu yamejaa weusi wa dawa ya kung'arishia. Mezani kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa kitambaa cheupe.

"Fumba macho, mpenzi."

Akafumba.

"Fumbua!"

Manifoldi ilikuwa inawaka. Mikono yote minne, ndani mpaka mwisho, ilimeremeta kama kijiko cha harusi. Pengo akachungulia mdomo wa kwanza, akajiona uso wake mwenyewe umevimba, na pengo katikati.

"Umefanya nini?"

"Nimekumalizia kazi. Nimeanza saa mbili asubuhi. Kwetu vile vyuma vya meno tunaving'arisha hivihivi, ulimi haupati mahali pa kukwama. Unajiona?"

"Nimekuuliza umefanya nini! Nani kakuambia uguse?"

Tabasamu likaanza kushuka. "Si wewe? Ulisema kama kioo."

"Hii siyo meno ya bandia ya vikongwe! Hii ni injini! Ndani ya manifoldi hakung'arishwi, mtoto wa gereji wa wiki moja anajua! Keshokutwa Mwalimu anakimbia na hii, itakohoa, na mimi nimekwisha! Umeniua, unajua? Umeniua!"

"Baba, shusha sauti," mama yake akasema kutoka mlangoni.

"Na wewe Mama, kwa nini umemfungulia?"

Fundi Meno alivua aproni, akaikunja mara mbili, akakusanya brashi zake na vigurudumu vyake vya manyoya, kimoja kimoja, akavitia kwenye mkoba.

"Kuna kitu nilikuwa nataka kukuonyesha hapo chini," akasema. "Lakini naona wewe ni fundi mkubwa. Utakiona mwenyewe." Akamgeukia mama mtu. "Mama, asante kwa chai. Sikuinywa."

"Karibu tena, mwanangu."

"Nitafikiria, Mama."

Viatu vyake vikasikika ngazini mpaka chini. Mama akangoja mlango wa barabarani ufungwe.

"Umemaliza kubweka?"

"Mama, kaharibu kazi yangu."

"Nimekula vumbi lako miezi miwili sijakufukuza. Yule kasugua tangu saa mbili, hata maji hajanywa, kila nikimwita anasema ngoja Mama, nataka akirudi acheke. Chuma utakisaga tena kesho. Yeye je, yuko duka gani mwingine?"



Jumamosi asubuhi akaamka na jua, akaifunga manifoldi kwenye vaisi. Akachukua msasa namba themanini, akauzungushia kwenye kijiti chenye mpasuko, akakifunga kwenye grainda ndogo, akaanza kupitisha. Mkono wa kwanza. Wa pili. Kioo kikafa, ngozi ikarudi, mikwaruzo midogo inayozunguka kama mistari ya kidole gumba. Alipoinua kichwa kutazama saa, alikuwa ametumia saa moja na nusu tu.

Saa moja na nusu! Maafa yaliyomfanya apige kelele mpaka majirani wakachungulia yalikuwa kazi ya saa moja na nusu. Akakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa, akajisikia mjinga kuanzia kisiginoni.

Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akaandika ujumbe: *Fundi Meno, nisamehe.* Akautazama, akaona mfupi kama risiti, akautuma hivyohivyo. Haukujibiwa.

"Haya," akasema peke yake. "Nimalize kwanza kazi."

Ulikuwa umebaki mdomo wa nne. Mstari wa sindano ulionekana wazi kwenye wino wa bluu, na chini yake nyama ya kutoa kama milimita tatu. Akafunga biti ya yai. Akawasha grainda, ikalia. Akaigeuza manifoldi kidogo ili aone vizuri, na pale upande wa chini, nje ya mkono wa nne, akaona alama. Duara dogo jekundu.

Kwanza akadhani ni uchafu. Akalisugua kwa kidole gumba, halikutoka. Biti ilikuwa inazunguka, umbali wa unywele kutoka kwenye chuma.

*Hapo pamekonda. Usiguse tena, utatoboa.*

Akazima grainda. Akaiweka mezani taratibu kama mtu anayeweka yai. Kisha akachomoa biti akaitia mfukoni, akavua manifoldi kwenye vaisi, akaifunga kwenye taulo, akapita sebuleni mbio.

"Hilo taulo langu jipya!" mama yake akapiga kelele.

"Nakwenda kuomba radhi, Mama!"

"Basi chukua na lile jingine!"

Kliniki ilikuwa na mgonjwa mmoja tu, mzee aliyevaa koti la suti na kandambili, amekaa karibu na mlango wa chumba cha nyuma, anangoja meno yake. Shangazi mtu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele, alimtazama Pengo kuanzia ovaroli hadi taulo.

"Ndiye huyu wa vikongwe?"

"Shikamoo, Shangazi. Ndiye mimi."

"Marahaba. Yuko ndani. Ana kisu cha nta mkononi, usimkaribie sana."

Fundi Meno alikuwa ameinama kwenye meza yake, hakuinua kichwa. Pengo akatazama rafuni. Meno yake ya plasta yalikuwa palepale, lakini yamegeuzwa, yanatazama ukuta.

"Nimekuja."

"Nimeona. Umefunika mlango wote."

"Nilikosea."

"Sikusikia, grainda inalia."

Grainda ilikuwa imezimwa. Pengo akavuta pumzi, akasema kwa sauti ambayo hata mapokezi walisikia: "Nilikosea! Si wewe uliyeharibu, ni mdomo wangu. Nilisema kama kioo nikijua kabisa haiwi kama kioo. Nilikuwa najipigia debe."

Sasa akainua kichwa. "Kwa nini ulisema?"

"Kwa sababu ulicheka."

"Nilicheka tu, ukanidanganya?"

"Ukicheka tena kesho nitakuambia naweza kurusha ndege. Ndivyo nilivyo. Usiniamini nikiwa nakusifia, niamini nikiwa nasaga."

"Na wale vikongwe?"

"Nawaomba radhi vikongwe wote."

"Mwanangu," yule mzee akasema kutoka mlangoni, ufizi mtupu, "msamehe upesi. Mimi nataka kula mchana."

Fundi Meno akauma mdomo asicheke. "Sijakusamehe," akasema. "Lete hicho chuma."

Akakipokea, akakifungua kwenye taulo. Alipoona mikwaruzo ya msasa humo ndani akapitisha kidole polepole, akatikisa kichwa kama mtu anayesoma barua. Kisha akachukua kikoleo chake, ncha moja ndani ya mdomo wa nne, ncha nyingine juu ya duara jekundu.

"Soma."

Pengo akasoma. "Milimita nne na nusu."

"Sasa upande wa pili."

"Tisa."

"Kalibu ilihama walipokuwa wanamimina. Huku kumekwenda nyama yote, huku wamebakiza ganda. Niliisikia kwa kidole nilipokuwa nasugua, nikapima. Ungetoa tatu mpaka kwenye mstari, ingebaki moja na nusu. Ingekaa mpaka Mwalimu akanyage mafuta, halafu?"

"Halafu ingepasuka. Injini ingevuta hewa ya nje, ingechemka, na vipande vingeingia ndani." Lile lisingekuwa gari linalokohoa. Lingekuwa gari lililokufa. "Na mimi nilikuwa nimeshawasha."

"Ukaona duara."

"Nikaona duara. Lakini mstari ni mstari, Fundi Meno. Gasketi inasema mpaka pale."

"Mstari umechorwa na gasketi, haukuchorwa na Mungu. Upande huu mwembamba acha kabisa. Toa upande wenye nyama, kisha uulaze kidogo, hewa iingie kwa mteremko. Mimi nikipewa taya lililopinda siling'oi taya. Nafuata lilivyo."

Pengo akaliwaza. Akaligeuza kichwani, akalitafutia kasoro, akalikosa. "Una nafasi?"

"Nina mzee mwenye njaa."

"Nyie malizeni," mzee akasema. "Nitakunywa supu."

Wakasaga palepale, grainda ya Pengo haikuhitajika, ya Fundi Meno ilikuwa ndogo na tulivu zaidi. Pengo alishika manifoldi kwa mikono miwili, msichana akashika biti ya yai, ileile waliyogombania. Kila baada ya dakika chache anasimama, anapima, anataja namba, Pengo anaiandika kwenye kiganja. Vumbi la alumini likawashukia nyusini wote wawili. Mwisho wakaiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu, wakapuliza kila tundu kwa hewa, maana chembe moja ikibaki humo injini itaitafuna. Hakuna aliyezungumzia mapenzi. Lakini Pengo alipokuwa anaondoka, alitazama rafuni, akaona meno yake yamegeuzwa tena. Yalikuwa yanamtazama.

Jumapili, uwanja wa ndege wa zamani, majani yameota kwenye nyufa za lami. Fundi Meno alikuja na gauni jekundu la mikono mifupi na viatu vya kukimbilia. "Likilipuka nitakuacha hapa," akamwambia. Mama mtu alikuja na kiti chake na mwavuli. Pengo alikuwa amefunga manifoldi tangu alfajiri, kila nati kwa zamu yake, na sasa alisimama mikono mfukoni.

Mwalimu akaketi, akafunga mkanda, akatazama kioo, akawasha ishara ingawa hakukuwa na mtu, akaondoka.

Gia ya kwanza, sauti ya kawaida. Gia ya pili, Pengo akainua kidevu. Gia ya tatu gari likafungua koo. Ilikuwa sauti moja nene, iliyonyooka, bila mkato, ikapita mbele yao ikaupeperusha mwavuli wa mama mtu.

"Linaimba," Pengo akasema. "Linaimba! Unasikia?"

"Nasikia. Niachie mkono, utauvunja, nina kazi nao kesho."

Mwalimu akazunguka mara tano, akarudi, akazima. Akashuka. Miwani yake ilikuwa imepanda juu ya nywele.

"Gia ya tatu imenivuta mpaka nimewasahau wajukuu," akasema. "Nani kasaga?"

Siku nyingine yoyote Pengo angejibu kwa sentensi kumi na mbili. "Mimi na huyu," akasema. "Na asingekuwa huyu, ungerudi kwa miguu."

"Vizuri. Wenzangu watakuja Jumatatu na yao. Karakana yenu iko wapi?"

"Kwenye balkoni ya mama yangu."

Mwalimu akamgeukia mama mtu. "Dada yangu, pole."

"Nimeshapoa," mama akasema. "Nimehamia kwenye mapazia ya kijivu."

Walipobaki wawili, wamekaa kwenye boneti lenye joto, Fundi Meno akatoa mfukoni kiboksi kidogo cha plastiki, kile wanachowekea kazi za wagonjwa. Akampa.

Ndani, juu ya pamba, kulikuwa na jino moja la mbele.

Pengo akalitoa. Lilikuwa na rangi yake hasa, njano kidogo kwenye shina, lenye mkato wa mshazari upande mmoja, mahali pa kukalia kwenye mzizi. Akapitisha ukucha juu yake. "Lina mikwaruzo."

"Nimeiacha makusudi. Jino lililosuguliwa kama kioo kila mtu anajua ni la bandia." Akatazama mbele, kule lami inakoishia. "Shangazi ana nafasi Jumatano ya kulifunga."

"Fundi Meno."

"Naam."

"Unakumbuka nilisema nini kuhusu hili jino? Pale dukani, siku ya kwanza?"

"Mimi siyo kiziwi."

"Kwamba nitaliweka siku gani?"

"Pengo, mpenzi wangu, mimi nimechonga kwa wiki mbili, na kuna siku moja katikati hapo nilitaka kulitupa chooni. Usinifanye nitaje na tarehe. Jumatano unakuja, au natafutia jino hili mdomo mwingine?"

"Hilo halitaingia mdomo mwingine wowote."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe."

Pengo akacheka. Alicheka kwa sauti mpaka mama yake akageuka kule kwenye kiti chake, na mkono uliozoea kupanda kuziba mdomo haukupanda, kwa sababu ulikuwa umeshikwa.

"Jumatano saa ngapi?" akauliza.